Kutoka telegrafu hadi mluzi: nani huonywa mito ya Himalaya inapobeba mlima?

Septemba 1893 ubavu mzima wa mlima ulimeguka na kuangukia mto Birahi Ganga, ndani kabisa ya Garhwal, kaskazini mwa India. Vifusi viliziba bonde kwa ukuta wa kimo cha mita 270 hivi, na nyuma yake maji yakaanza kujikusanya. Likazaliwa ziwa, likaitwa Gohna kwa jina la kijiji cha jirani.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza, ambayo sina haja ya kuisifu kwa mengi, hapo ilifanya jambo la maana. Wahandisi walipima ukuta, wakapima ziwa, wakapiga hesabu ya maji yatakayoingia msimu wa mvua, kisha wakakiri kwamba kuuzuia ukuta huo usivunjike hawawezi, ila kukadiria ni lini maji yataupanda wanaweza. Wakataja katikati ya Agosti ya mwaka uliofuata. Wakatandika waya wa telegrafu kutoka ziwani, ukafuata bonde la Alaknanda hadi Haridwar, pale mto unapoaga milima. Wakafungua madaraja yanayoning'inia yasije yakasombwa. Wakasimamisha nguzo kwenye miteremko kumwonyesha mwanakijiji apande mpaka wapi ndipo awe salama.

Tarehe 25 Agosti 1894 maji yaliupita ukuta, na usiku ule sehemu kubwa ya ziwa ikamwagika. Mji wa Srinagar, ule wa Garhwal na si wa Kashmir, ukafagiliwa na mto. Waliokufa bonde zima walikuwa watu 5: fakiri mmoja, yaani mtawa ombaomba, na jamaa zake, waliokuwa wameshaondolewa chini ya ukuta wakarudi kwa hiari yao.

Februari 2021, katika sehemu hiyohiyo ya Garhwal, ambayo leo ni wilaya ya Chamoli, mlima mwingine ulianguka mtoni. Safari hii waliokufa na kupotea walikuwa zaidi ya 200. Waya haukuwapo. Palikuwa na mama mmoja kijijini mwenye simu ya mkononi.

Sidhani kuna watu wanaoijua mito yao kuliko wakazi wa milima hii. Elimu ipo, ripoti zipo, hukumu za mahakama zipo. Kilichopotea ni ule waya: njia ya kupitisha habari kutoka juu kabisa ya bonde hadi kwa mtu aliye chini kabla maji hayajamfikia, na dola inayoihesabu njia hiyo kuwa sehemu ya bwawa, ya barabara na ya hoteli, kama inavyohesabu saruji na nondo. Mito ya Uttarakhand, jimbo la India ambalo Garhwal imo ndani yake, imekadiriwa kwa megawati na kwa vichwa vya mahujaji. Mzigo wake wa mawe hauna mwenyewe.

Jimbo lenyewe lilikatwa kutoka Uttar Pradesh tarehe 9 Novemba 2000. Magharibi ni Garhwal, mashariki ni Kumaon, juu ni mpaka wa Tibet, na kusini milima inakoma ghafla kwenye tambarare ya Ganga. Ganga kwa jina hilo huanzia Devprayag, mji mdogo uliong'ang'ania genge pale Bhagirathi inapokutana na Alaknanda. Mara nyingi unaziona rangi mbili zikienda ubavu kwa ubavu kabla hazijachanganyika. Bhagirathi hutoka Gaumukh, mdomoni mwa mto wa barafu wa Gangotri wenye urefu wa kilomita 30 hivi, na huo ndio mto ambao mapokeo ya Kihindu huutambua kuwa chanzo. Wenye maji mengi zaidi, hata hivyo, ni Alaknanda. Huo huanzia kwenye barafu za Satopanth na Bhagirath Kharak, juu ya hekalu la Badrinath, na njiani hupokea Dhauliganga pale Vishnuprayag, Nandakini pale Nandprayag, Pindar pale Karnaprayag na Mandakini pale Rudraprayag. Kila makutano ni mahali patakatifu. Wahindu wa Afrika Mashariki wapo ambao huyasafirisha majivu ya marehemu wao hadi Haridwar kuyamimina kwenye maji haya, kwa hiyo si mito ya ugenini kwa kila msomaji wa Kiswahili.

Magharibi zaidi kuna Yamuna, unaotoka Yamunotri chini ya mlima Bandarpunch. Jina lake ni kubwa, lakini unapokutana na Tons, upande wa Dehradun, Tons ndio unaoleta maji mengi zaidi. Mashariki kuna Kali, mpaka wa India na Nepal, ambao nitaurudia. Mito kama Ramganga na Kosi ya Kumaon haina barafu nyuma yake. Huishi kwa mvua na chemchemi, na kilio chake ni kinyume, chemchemi zinakauka. Hayo yanahitaji makala yake.

Himalaya ni milima michanga na bado inapanda, maana bamba la ardhi lililoibeba India linazidi kujisukuma chini ya Asia. Miamba imepondekapondeka. Tetemeko la Uttarkashi la Oktoba 1991 na lile la Chamoli la Machi 1999 yaliitikisa zaidi. Huko juu, barafu ilipokuwa ikirudi nyuma iliacha malundo ya mawe na udongo yasiyoshikana na chochote. Halafu kila Juni inakuja mvua ya monsuni. Simama ukingoni mwa Alaknanda mwezi Agosti usikilize: juu kuna mvumo wa maji, na chini yake kuna mgongano mzito, wa kukatikakatika, wa mawe yanayoviringishwa sakafuni pa mto. Huo mgongano ndio habari yenyewe. Kwa mwendesha mitambo ya umeme, mchanga ulio kwenye maji hayo ni kero inayokwaruza mapanga ya turbini. Kwa mkulima wa Bihar na Uttar Pradesh ndio udongo uliojenga shamba lake kwa maelfu ya miaka. Kwa aliyejenga kingoni, mawe ni hukumu inayosubiri tarehe.

Ziwa la Gohna halikuisha mwaka 1894. Lilibaki limepungua kwa miaka 76, hadi tarehe 20 Julai 1970, mvua ilipolijaza vifusi na kulipasua kilichobaki. Belakuchi, kituo cha njiani ambako mahujaji walisimama kupumzika, kilitoweka. Tope lilishuka mpaka tambarare na kuziba sehemu ya mfereji mkuu wa Ganga uliofunguliwa mwaka 1854. Vijana wa ushirika wa Dasholi kutoka Gopeshwar, wakiongozwa na Chandi Prasad Bhatt, walipita kijiji kwa kijiji kugawa misaada, na huko wakaona kilichokuwa wazi kwa kila aliyetembea kwa miguu: miteremko iliyoporomoka ilikuwa ile ambayo wakandarasi walishaikata miti. Miaka mitatu baadaye idara ya misitu iliwanyima wanakijiji miti ya kuchongea nira za kulimia, ikaigawa miti hiyohiyo kwa kampuni ya vifaa vya michezo. Hapo, katika kijiji cha Mandal, Chipko ikaanza, harakati ya kukumbatia mti ili shoka lipite kwanza mwilini mwako.

Tarehe 26 Machi 1974 harakati ilifika Raini, kijiji kilicho juu ya mto Rishiganga. Wanaume walikuwa wameitwa mjini Chamoli kwa ahadi ya fidia ya ardhi zao, na wakataji wakapandishwa msituni wakati huohuo. Gaura Devi aliwakusanya wanawake wenzake, 27 kwa hesabu inayotajwa siku zote, wakaenda kusimama mbele ya miti mpaka wakataji wakaondoka. Dunia imelihifadhi tukio hilo kama habari ya misitu, na vitabu vya shule huishia hapo. Lakini kaulimbiu ya Chipko ilipouliza msitu unatuzalia nini, jibu lilitaja udongo, maji na hewa. Mbao hazikutajwa. Wanawake wale walikuwa wanazungumza habari za mto.

Likumbuke jina la Raini.

Bwawa kubwa kuliko yote jimboni ni Tehri, kwenye Bhagirathi. Kimo chake ni mita 260.5, na India haina jingine linalolifikia. Mji wa kale wa Tehri uko chini ya maji yake. Sunderlal Bahuguna, aliyekuwa sauti ya Chipko nje ya milima, alifunga kula mara kadhaa kulipinga. Bwawa likajengwa, na mwaka 2006 likaanza kutoa umeme. Hata hivyo Tehri si sura ya kawaida ya miradi ya hapa. Mingi ni ile ya kutumia mkondo: ukuta mfupi unaukinga mto, maji yanaingizwa kwenye handaki la kilomita kadhaa tumboni mwa mlima, yanaporomoshwa kwenye turbini, kisha yanarudishwa mtoni huko chini. Kwenye karatasi ni miradi ya kupendeza, haina ziwa kubwa wala mji wa kuzamisha. Uwandani, kipande cha mto kilicho kati ya ukuta na mtambo hubaki mawe makavu miezi ya baridi, na kifusi kilichotolewa handakini hulundikwa papo hapo ukingoni, kwa sababu kukisomba kwa lori kwenda mbali ni gharama.

G.D. Agrawal alikuwa mhandisi, aliyewahi kufundisha katika taasisi ya teknolojia ya Kanpur na kuwa katibu wa kwanza wa bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi. Uzeeni alivaa nguo za utawa na kuanza kufunga kwa ajili ya Bhagirathi. Mfungo wake ulichangia kufutwa kwa mradi wa Loharinag Pala wa megawati 600 mwaka 2010, ujenzi ukiwa tayari umeanza. Mwaka 2018 alifunga tena, akitaka Ganga iachwe itiririke. Oktoba 2018 serikali kuu ilitangaza kiwango cha chini cha maji ambacho kila mradi wa Ganga ya juu lazima ukiachie: asilimia 20 miezi ya baridi, 25 miezi ya kati, 30 wakati wa mvua. Yeye aliona hakitoshi. Tarehe 11 Oktoba, siku ya 111 ya mfungo, akafa hospitalini Rishikesh. Naiheshimu hatua ile ya serikali, kwa sababu kabla yake hapakuwa na sheria ya namna hiyo kwa mto huo. Ila tazama inapima nini. Ni asilimia ya maji. Mawe na mchanga havimo.

Mahakama nazo zilijaribu njia yao. Tarehe 20 Machi 2017 Mahakama Kuu ya Uttarakhand, iliyoko Nainital, ilitamka kwamba Ganga na Yamuna ni watu mbele ya sheria, wenye haki na wajibu. Serikali ya jimbo ikakimbilia Mahakama ya Juu ya India, na swali mojawapo iliyouliza lilikuwa la kuchekesha na la haki kwa wakati mmoja: mto ukifurika ukaua watu, nani atashtakiwa na nani atalipa fidia? Julai ya mwaka huohuo amri ikasimamishwa. Ningependa swali lile lingejibiwa, kwa sababu ndilo swali lenyewe.

Juni 2013 lilikuwa limekwisha kuulizwa kwa vitendo. Mvua ilikuja mapema na kwa wingi. Tarehe 16 na 17 ziwa dogo la Chorabari, juu ya hekalu la Kedarnath, lilipasuka na kumwaga maji na mawe kwenye bonde la Mandakini wakati wa hija. Waliokufa na kupotea jimboni walizidi 5,000. Jiwe kubwa lilisimama nyuma ya hekalu, likaugawa mkondo, hekalu likapona; nyumba za wageni zilizolizunguka hazikupona. Kwenye Alaknanda ya juu, ukuta wa mradi wa Vishnuprayag ulifukiwa na mawe. Huko chini, Srinagar ileile iliyofagiliwa mwaka 1894 na kujengwa upya mahali pa juu zaidi ilipata pigo la aina mpya: mitaa yake ya bondeni ilijaa tope lililotoka kwenye malundo ya vifusi vya mradi wa umeme wa megawati 330. Agosti 2016 mahakama ya mazingira ya India iliamuru kampuni iwalipe wakazi rupia milioni 92.6. Mwaka 1894 Srinagar ilipigwa na mlima. Mwaka 2013 ilipigwa na mlima pamoja na jalala la mkandarasi.

Watetezi wa mabwawa wana hoja ambayo siwezi kuikwepa. Siku zilezile za Juni 2013 Bhagirathi nao ulikuwa umefura, na ziwa la Tehri, lililokuwa limeshuka kwa sababu msimu wa mvua ndio kwanza unaanza, likayameza maji yake. Laiti mafuriko ya mito yote miwili yangefika Devprayag kwa pamoja, Rishikesh na Haridwar zingeona makubwa. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mvua ileile ingekuja Septemba, ziwa likiwa limejazwa kwa ajili ya umeme wa kiangazi, nafasi ile isingekuwepo. Bwawa linalookoa kwa bahati ya kalenda haliwezi kuitwa mpango wa kinga.

Agosti 2013 Mahakama ya Juu iliagiza kibali cha mradi mpya wa umeme wa maji kisitolewe Uttarakhand mpaka wataalamu wachunguze. Kamati iliyoongozwa na Ravi Chopra ilitoa ripoti mwaka 2014. Kati ya miradi 24 iliyopewa kuitazama, ilisema 23 ingeleta madhara yasiyorekebishika, na ikaonya mahususi juu ya mabonde ya juu yaliyojaa malundo yaliyoachwa na barafu. Ripoti ikaingia kwenye mivutano ya wizara, wajumbe wakapingana, kamati nyingine zikaundwa. Miradi iliyokuwa tayari imeanza kujengwa iliendelea, ukiwemo wa Tapovan Vishnugad wa megawati 520 kwenye Dhauliganga. Juu yake kidogo, kwenye Rishiganga, chini ya kijiji cha Raini, palikuwa na mtambo mdogo wa megawati 13.2. Mwaka 2019 mkazi wa Raini alikwenda Mahakama Kuu kulalamikia ulipuaji wa miamba na utupaji wa vifusi mtoni.

Tarehe 7 Februari 2021 ilikuwa Jumapili, jua kali, anga jeupe. Mvua haikuwapo, na hilo ndilo lililowapumbaza watu: mafuriko ya Februari hayamo kwenye kalenda ya mtu yeyote. Saa nne na dakika ishirini hivi asubuhi, upande wa kilele cha Ronti, juu ya bonde la Rishiganga, uliachia takriban mita za ujazo milioni 27 za mwamba na barafu, zikaanguka zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda chini. Kwa makadirio ya wanasayansi waliolichunguza tukio hilo, sehemu nne kati ya tano zilikuwa mwamba. Msuguano uliiyeyusha barafu karibu yote, na kilichoanza kama poromoko kikashuka bondeni kikiwa tope lenye mawe. Mtambo wa Rishiganga ukafutika. Dakika chache mbele, Tapovan ikafuata, na wafanyakazi wakafungiwa ndani ya mahandaki.

Mama niliyemtaja alikuwa kijijini, juu, mahali pa kuliona bonde. Aliona tope likija. Mwanawe alikuwa kazini Tapovan. Akampigia simu akimwambia akimbie, akapiga tena na tena, maana mara ya kwanza kijana alidhani mama anatania. Milima haianguki hivihivi. Mwishowe yeye na wenzake wakapanda mbio ngazi za jengo, wakapona. Huo ndio mfumo wa tahadhari uliofanya kazi siku ile kwenye mradi uliogharimu mabilioni ya rupia. Mitambo ya kupima matetemeko, mingine ikiwa umbali wa karibu kilomita 100, ilikuwa imenasa mshindo wa mlima ukianguka na tope likisafiri. Uchambuzi uliochapishwa miezi michache baadaye ulionyesha kwamba data hizo zingeweza kutoa onyo la dakika kadhaa. Zilinaswa, zikahifadhiwa, hazikumfikia mtu aliyekuwa handakini.

Siku chache baada ya maafa king'ora na kipima-maji vilifungwa Raini. Kumbe viliwezekana.

Julai ya mwaka huohuo watu watano, baadhi yao wakazi wa Raini, walikwenda Mahakama Kuu wakitaka miradi hiyo ifutiwe vibali. Ni mahakama ileile iliyokuwa imeipa mito utu miaka minne kabla. Safari hii majaji walitilia shaka nia ya waombaji, wakaona kuna mkono usioonekana unaowachezesha, wakalitupa ombi na kumtoza kila mmoja rupia 10,000. Wakati huo ardhi ya Raini ilikuwa inadidimia, na sanamu ya Gaura Devi ilikuwa imekwisha kuhamishiwa mji wa jirani wa Joshimath kwa usalama. Joshimath nayo ikapasuka nyufa Januari 2023, zaidi ya majengo 800. Kamati ya serikali ilikuwa imeandika tangu 1976 kwamba mji huo umekaa juu ya poromoko la kale na mawe yake yasiguswe.

Kisha tarehe 5 Agosti 2025, mchana. Dharali ni kijiji kwenye njia ya Gangotri, ukingoni mwa Bhagirathi, mahali ambapo kijito cha Kheer Ganga kimetandaza vifusi vyake kwa karne nyingi na kutengeneza kiwanja kizuri, kipana, karibu na barabara. Kiwanja kama hicho milimani ni adimu, kwa hiyo hoteli zilijaa. Tope lilishuka kwa kasi ya kutisha na kupita katikati yake. Ng'ambo ya mto, mahali pa juu, kuna kijiji cha Mukhba. Watu wa Mukhba waliliona likija, wakapiga miluzi na kelele kuwaonya wa Dharali. Video iliyozunguka duniani ina miluzi hiyo ndani yake, ukisikiliza vizuri.

Telegrafu, simu ya mama, mluzi. Kwa nchi iliyotua chombo karibu na ncha ya kusini ya mwezi mwaka 2023, huko ni kurudi nyuma, na kila hatua mzigo wa kuonya umetoka mabegani mwa dola ukaangukia kwa yeyote aliyesimama mahali pa juu.

Najua nitaambiwa nalinganisha visivyolingana. Gohna ilitoa miezi 11 ya kujiandaa. Ronti ilitoa dakika. Sawa. Lakini waliopanda ngazi za Tapovan walihitaji dakika tu. Nitaambiwa pia kwamba jimbo maskini la milimani halina budi kuuza kile ililonacho. Hilo nalipokea kwa uzito zaidi. Kwa sera ya India, jimbo linalokaribisha mradi hupewa asilimia 12 ya umeme bure, na hiyo ni hela ya kweli kwa hazina ya jimbo huko Dehradun. Sensa ya 2011 ilikuta zaidi ya vijiji 1,000 vya Uttarakhand havina mtu. Vijana wameteremkia mijini kutafuta kazi. Mahujaji wa mahekalu manne makuu ya jimbo hili walizidi milioni 5 mwaka 2023, na kila mmoja anakula, analala, anapanda gari la mtu. Asiyeishi huko akisema fungeni kila kitu, anasema kwa mdomo wa mtu aliyeshiba. Mimi sisemi hivyo. Nasema mradi uliopewa kibali katika bonde la barafu bila vipima-maji juu yake, bila king'ora handakini, bila mahali palipotengwa pa vifusi, haujakamilika hata kama turbini zinazunguka, na benki iliyoukopesha ingepaswa kuuhesabu hivyo. Nasema pia kiwanja kilichotandazwa na kijito kisipewe kibali cha hoteli, na aliyekitia saini ajulikane kwa jina.

Mtihani mgumu zaidi uko mashariki, kwenye Kali. Mkataba wa Sugauli, uliothibitishwa mwaka 1816, uliufanya mto huu mpaka, na India na Nepal bado zinazozana kuhusu mahali unapoanzia. Mei 2020 Nepal ilichapisha ramani mpya kwa sababu hiyo. Upande wa India kuna mji wa Dharchula, upande wa Nepal kuna Darchula, na kati yao kuna daraja la waenda kwa miguu linaloning'inia. Familia zimeoana ng'ambo na ng'ambo. Juni 2013, wakati dunia inaitazama Kedarnath, Kali ulibomoa nyumba nyingi za soko la Khalanga upande wa Nepal. Wakazi walidai kwamba milango ya bwawa la Dhauliganga (wa Kumaon, maana mito miwili ina jina hilo) ilifunguliwa upande wa India bila wao kuarifiwa. Waliokuwa chini ya mto walikuwa raia wa nchi nyingine, kwa hiyo hata mlalamikiwa hawakuwa naye.

Kwenye mto huohuo nchi hizi mbili zimekubaliana kwa mkataba wa 1996 kujenga bwawa la Pancheshwar, la zaidi ya mita 300, refu kuliko Tehri. Mpaka leo halijajengwa. Mabishano ni juu ya mgawo wa maji na bei ya umeme. Wakati wanabishana, ving'ora vinavyosikika kingo zote mbili na namba ya simu ya zamu kati ya ofisi mbili za wilaya zilizotenganishwa na daraja la kamba vingeweza kuwekwa kabla ya mvua zijazo, kwa fungu la kawaida la bajeti, bila kusubiri mawaziri wakutane Kathmandu au New Delhi.